Kiapo cha Kupitia Tundu la Jiwe

Desemba 1814, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, Kapteni Mackay, mpangaji wa shamba huko Stenness, alichoshwa na watu waliokuwa wakikatiza ardhi yake kwenda kwenye mawe ya kale. Akaamua kuyang'oa. Alikwisha kulipasua lile lililoitwa Jiwe la Odin kabla ya kuzuiwa, na hasira za majirani zikawaka. Inasimuliwa kwamba nyumba yake ilinusurika kuchomwa moto mara mbili.

Jiwe lenyewe lilikuwa na tundu. Masimulizi ya zamani yanaeleza jinsi wachumba walivyolitumia. Kwanza walikwenda kwenye mawe yaliyojulikana kama Hekalu la Mwezi. Binti akapiga magoti mbele ya mwenzake, akamwomba mungu Odin ampe nguvu ya kutimiza ahadi zake. Kisha wakaenda Hekalu la Jua, kijana naye akaomba vivyo hivyo. Hatimaye walisimama kila mmoja upande wake wa lile jiwe, wakapitisha mikono ya kulia tunduni, wakashikana na kuapa. Ndoa ikiwashinda, waliingia kanisani Stenness, wakasubiri ibada iishe, mmoja akatokea mlango wa kusini na mwingine wa kaskazini. Hapo kila mtu alikuwa huru kuoa au kuolewa tena.

Walimwapia nani, basi? Mawe ya Stenness yalisimamishwa mnamo mwaka 3100 kabla ya Kristo. Wanorse waliomleta Odin walifika visiwani karibu miaka 4,000 baadaye, na wachumba hao walipoapa, Orkney ilikuwa ya Kikristo kwa karne nyingi. Wajenzi hawakumjua Odin, na waliomtaja Odin walibatizwa utotoni. Mtu akitafuta imani moja iliyokipa kiapo hicho nguvu, ataambulia tabaka juu ya tabaka.

Hata hivyo kiapo kilibana. Mwandishi Walter Scott alisimuliwa huko Orkney habari za mchumba wa haramia John Gow, aliyenyongwa London mwaka 1725. Binti huyo alikuwa amempa Gow ahadi yake, na kwa mila za kwao mkono uliotolewa haurudi bure. Inasemekana alifunga safari hadi London na kuugusa mkono wa maiti, ili ahadi imwachie. Asingefanya hivyo, mzimu wa marehemu ungemjia siku atakapomkubali mwanamume mwingine.

Penye uzazi, mawe yaliombwa mambo makubwa zaidi. Huko Glen Avon, Uskoti bara, liko Clach Bhan, jiwe la wanawake, lenye mashimo ambamo wajawazito walikwenda kuketi ili wajifungue salama. Desturi hiyo ilikuwa hai bado katika karne ya 19. Kaskazini ya Glasgow, kwenye mawe ya Craigmaddie, mgeni alitakiwa kujipenyeza kati ya mawe, la sivyo angekufa bila mtoto. Katika mji wa Gourock, maharusi walilizunguka jiwe la Kempock kutafuta heri.

Kanisa la Matengenezo halikulifumbia macho jambo hili. Mwaka 1656 Presibiteri ya Dingwall, yaani baraza la kanisa la eneo hilo, ililaani watu wa Applecross kwa kuchinja mafahali siku ya Mtakatifu Mourie, kumwaga maziwa vilimani, na kujaribu kuingiza kichwa katika tundu la jiwe: kikiingia, mtu alitarajia kurudi mahali pale, kikigoma, ilikuwa nuksi. Mwaka 1662 msichana Mary Lamont, aliyeshtakiwa kwa uchawi, alikiri kwamba yeye na wenzake walipanga kulitupa baharini jiwe la Kempock ili kuangamiza vyombo.

Hoja ya wazee wa kanisa haikuwa nyepesi. Mtoto ni kipawa cha Mungu. Anayekiomba kwa jiwe amekosea mlango. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba kila tendo la ibada ni kauli kuhusu nani ana uwezo. Mjamzito aliyepanda hadi Clach Bhan hakuwa ameikana sala. Sala alikuwa nayo. Alichokosa ni la kufanya kwa mwili wake mwenyewe, katika zama ambazo kuzaa kuliua wengi.

Katika Glen Cailleach, bonde dogo linaloingia Glen Lyon, kuna kijumba cha mawe kiitwacho Tigh nam Bodach. Ndani yake hukaa mawe yaliyochongwa na maji yakafanana na viwiliwili: Ajuza, Mzee na Binti yao. Hadithi yasema familia hiyo ilipewa hifadhi siku ya dhoruba, ajuza akajifungua hapo, na kwa shukrani akaahidi kwamba bonde litastawi maadamu kijumba kinatunzwa. Kila Mei mosi mawe hutolewa nje, na mwanzoni mwa Novemba hurudishwa ndani, mlango ukazibwa kabla ya baridi kali. Anayeyatoa si lazima aamini kwamba ajuza yumo. Presibiteri ya Dingwall ingemuuliza anamwabudu nani, na mtunzaji angeweza kujibu kwa ukweli mtupu kwamba hamwabudu yeyote, kisha Mei ikifika akapanda bondeni kufungua mlango.