Mafuta ya Uso na Hukumu Zetu

Binti yangu alipofikisha miaka 14, uso wake ulijaa chunusi. Nami, kwa ujeuri wa mzazi anayedhani anajua, nikamwambia: "Mwanangu, hunawi vizuri." Basi akawa anajisugua kwa sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, hata ngozi ikachubuka. Sikumzuia. Niliiona ni bidii.

Baadaye nilijifunza kwamba ndani ya ngozi, kando ya mashina ya nywele, mna tezi ndogo za mafuta. Usoni na kichwani ni nyingi. Viganjani na nyayoni hazimo kabisa. Seli zake hujaa mafuta, zikapasuka na kufa, na mabaki yake ndiyo yanayolainisha ngozi na nywele. Ulaini tunaousifu, kumbe, ni sadaka ya seli zisizohesabika. Umri wa kubalehe unapofika, homoni huzihimiza tezi hizo, mafuta huzidi, vitundu huziba, na chunusi hutokea. Mtoto hakuomba, wala hakukosa.

Je, ni mara ngapi tunaita uchafu kile ambacho ni kazi ya mwili tu? Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Ni kweli, lakini aliye gizani hutembea polepole, hakimbii na fimbo mkononi. Kutojua si kosa. Kuhukumu hali hujui ndilo kosa.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Nilipomwomba radhi alicheka, akasema amekwisha sahau. Mimi sijasahau.