Mbogo Aliyejeruhiwa ni wa Nani?

Zikitajwa silaha za kuwindia wanyama wakali, watu humfikiria mwindaji. Akikosa shabaha, atapona? Bunduki yake itamwangusha mbogo kabla mbogo hajamfikia? Ni maswali ya haki, ila mimi huyaweka nafasi ya pili. Mwindaji amejipeleka mwenyewe; akifa, amekufa akijua alichofuata porini. Swali la kwanza linamhusu mtu ambaye hakuwamo katika windo hilo: mama wa Ushetu, Shinyanga, au Mbogwe, Geita, anayeingia kichakani keshokutwa kutafuta kuni, asijue kwamba humo amejilaza mbogo mwenye vipande vya nondo begani, ana homa ya kidonda, na harufu ya binadamu ameshaifahamu inakuja na nini.

Mbogo huku bado wapo. Pori la Kigosi limepakana na vijiji vya Ushetu, Bukombe na Mbogwe, na upande wa magharibi kuna Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Shinyanga mjini na jirani zake wanyama walikwisha zamani. Waingereza waliweka hapo makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, yule yule aliyetangulia kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Vichaka vikafyekwa, na katika miaka ya 1940 kukaanzishwa mpango wa kuwaua wanyama kwa risasi ili mbung'o wakose damu ya kunyonya. Ndiyo maana mtoto wa Shinyanga mjini, ukimuuliza mnyama wa kutisha, atakutajia fisi.

Silaha inayotembea vijijini kwa siri ni gobore, bunduki ya kienyeji. Utengenezaji wake hauna siri kubwa: mtutu ni bomba la maji au chuma cha usukani wa gari bovu, kitako ni mti mgumu uliochongwa kwa panga. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, kinafuata kitambaa, vinashindiliwa kwa ufito wa chuma. Kisha goroli au nondo iliyokatwakatwa, kitambaa tena, unashindilia tena. Ukifyatua, umemaliza. Kurudia kazi yote hiyo kunakula dakika nzima na zaidi, kwa mkono usiotetemeka, na mbogo akiwa hatua thelathini hakupi dakika.

Sina ugomvi na mafundi. Hii ni nchi ya watu wa chuma. Warongo wa Geita waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi muda mrefu kabla ya makampuni ya dhahabu kufika. Lakini chuma kilichokatwa vipande hakiendi mbali ndani ya nyama. Mbogo dume anaweza kufikisha kilo 700, na bega lake lina ngozi nene, msuli mnene na mfupa mpana kabla hujaufikia moyo. Vipande vya nondo vinapoteza nguvu pale pale juu juu. Kwa swala gobore linatosha, na kwa kanga linazidi. Kwa mbogo linamwachia kidonda, naye anaondoka nacho.

Kanuni za uwindaji wa kitalii hapa nchini zimelishughulikia jambo hilo kwa namba: kwa mbogo, simba au tembo, bunduki isiwe chini ya .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi. Kipimo hicho kina umri: risasi ya .375 ya Holland & Holland ilitoka mwaka 1912, na ile inayotumika sana ina uzito wa gramu 19 hivi, kipande kimoja kizima kinachopasua na kuendelea. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakwenda mbele zaidi. Ukimjeruhi mnyama, unatakiwa umfuatilie ummalize. Akiwa ni wa hatari na amekuponyoka, utoe taarifa. Katika sheria nzima sehemu hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu inamkumbuka yule mama wa kuni bila kumtaja.

Wapo watakaonipinga kwa mfano wa W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita saba ambayo leo asingeruhusiwa hata kuielekeza kwa tembo. Alikuwa amesoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi akisimama upande wowote. Sawa. Lakini kanuni haziandikwi kwa ajili ya Bell. Zinaandikwa kwa ajili ya mgeni aliyeshuka ndege juzi, moyo unamdunda, jasho linamwingia machoni. Na hata huyo Bell, bila kutaja ukatili wa kazi yenyewe, hakuna anayetuhesabia aliowakosa.

Wasukuma walikuwa na njia yao ya kulitazama jambo hili, nayo haikuanzia kwenye silaha. Ilianzia kwa mtu. Uwindaji wa hatari ulikuwa wa vyama: bayege wa tembo, banunguli wa nungunungu, na bayeye, ambao kazi yao ni nyoka, hujulikana mpaka leo kwa ngoma zao. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki, amekusanya nyimbo za vyama hivi kwa wingi. Hukujiendea tu. Uliingizwa, ukafundishwa, ukapewa dawa, ukawekwa nyuma ya waliokutangulia.

Banunguli ndio wananivutia zaidi. Nungunungu humaliza mihogo na viazi usiku, mchana analala shimoni, na mwindaji wake humfuata humo humo, akitambaa kwa tumbo gizani. Fikiria kifaa cha kazi hiyo. Mkuki mrefu, fahari ya mchunga ng'ombe, ndani ya shimo hauna hata pa kugeukia. Upinde hauvutiki. Miiba iko mbele, udongo uko juu, na shimo lile lile huenda lina nyoka aliyehamia bila kubisha hodi. Anayeingia huko hana budi kuwa na watu mdomoni mwa shimo wanaomsikia na wanaoweza kumvuta. Kwa hiyo silaha yake ya kutosha ni kifaa kifupi cha mkononi pamoja na wenzake waliobaki nje. Ukiondoa kimoja, kingine hakimfai.

Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu au Mgusu hahitaji kuelezwa kwamba upungufu wa vifaa vya mmoja huweza kulipwa na mwingine. Anayebana matimba, yale magogo ya kushikilia ukuta, kwenye duara lake la kuchimbia ili aokoe fedha kidogo, mara nyingi jioni anapanda juu salama na mfuko wake wa mawe. Ukuta unamsubiri wa zamu ya usiku.

Ushujaa unapoanza kulipwa, hesabu hubadilika. Wasukuma waliohamia Katavi na Rukwa na mifugo yao walikwenda na desturi ya kumtuza kijana aliyeua simba. Hutibiwa kwa dawa, huvishwa mapambo, kisha huzunguka kwa ndugu na majirani akicheza ngoma, naye hupewa ng'ombe, mbuzi, fedha. Chanzo chake hakina ubaya: simba ameingia zizini, watu wametoka na mikuki na mbwa, aliyetangulia ameshukuriwa. Ila watafiti waliofanya kazi kule walionyesha jinsi baadhi ya vijana walivyoacha kumsubiri simba aje, wakaanza kumfuata alipo, kwa sababu ya tuzo. Mlinzi amegeuka mtafuta mali. Nashukuru kwamba wazee wa Kisukuma wa Mpimbwe, huko Katavi, ni miongoni mwa waliosimama kuikemea tabia hiyo.

Na mtu wa aina hiyo hachagui silaha vizuri. Anayelinda zizi anataka simba afe au aondoke, basi. Akiona hali mbaya, anapiga yowe na kijiji kinatoka. Anayetaka sifa hapendi wenzake wawe wengi, kwani watagawana.

Sasa nifike panapouma. Bunduki ya .375 inagharimu fedha ambazo mkulima wa Ushetu hatazishika kwa miaka, na kuimiliki kihalali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni safari nyingine. Mgeni mwenye leseni anasindikizwa na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Mwanakijiji ana upinde na filimbi ya sungusungu. Mimi sisemi kila kaya ipewe bunduki. Nchi hii ingejuta. Lakini ukimnyima mtu silaha ya kutosha kwa sababu nzuri, umejitwika wajibu wa kufika anapokuita, na kufika mapema. Kifuta machozi kinacholipwa baada ya mazishi ni huruma, si ulinzi.

Gobore lina ubaya mmoja zaidi ya udhaifu wake: linamfunga mtu mdomo. Mwenye leseni akijeruhi mbogo anasema, sheria inamdai aseme. Mwenye gobore akisema, amejipeleka mahakamani. Anarudi nyumbani usiku, anaficha bomba lake darini, ananyamaza, na katika kijiji kizima ni yeye peke yake anayejua mbogo ameelekea wapi.

Serikali imewahi mara kadhaa kutangaza msamaha wa kusalimisha silaha haramu: unaipeleka ndani ya muda uliowekwa, hushtakiwi. Ningependa kuwe na msamaha wa taarifa pia. Mtu apige simu, aseme mnyama kajeruhiwa, ubavu wa kushoto, ameingia kichaka cha bonde fulani, na asiulizwe jina. Bwana nyama aende na bunduki ya maana akamalize. Habari ya gobore itafutwe siku nyingine. Watasema tunawapa majangili moyo. Huenda. Lakini aliyekwisha kufyatua haongezewi ujasiri na simu, na wanaohitaji kujua kichaka kipi kisiingiwe wiki hii si majangili.