Nilidanganya Karatasi ya Joto



Leo naomba tujiulize swali moja: ukikosea kazini na hakuna aliyekuona, je, kuungama kwa padre kunatosha?

Mimi ni muuguzi. Nilipokuwa bado mgeni kazini, nilipangiwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Tulikuwa wawili tu na vitanda vyote vimejaa. Saa nane usiku nilitakiwa kumpima joto mtoto mwenye nimonia. Nilikuwa nimechoka, naye amelala. Nikachukua kalamu nikaandika 36.8. Saa kumi nikaandika 36.9. Kipimajoto hata sikukigusa.

Asubuhi joto lilikuwa 39.4. Daktari alipopita, mama akasema, "Mwanangu amechemka usiku kucha." Daktari akatazama karatasi, akamjibu kwa upole, "Hapana mama, usiku alikuwa sawa." Yule mama akaniangalia, kisha akainamisha macho.

Jamani! Nilidhani nimedanganya karatasi tu. Kumbe nimemfanya mama mkweli aonekane mwongo, na daktari anataka kuamua tiba kwa namba zangu za uongo.

Moyoni nikajisemea: Jumamosi nitaungama, yaishe. Lakini Jumamosi ilikuwa mbali, na mtoto alikuwa anaumwa sasa hivi. Nikamfuata daktari kabla hajafika kitanda kingine. "Daktari, usiku sikumpima. Mama anasema kweli." Miguu ilikuwa inatetemeka. Alinyamaza kidogo, akarudi, akamwomba mama aeleze upya tangu mwanzo.

Msimamizi wa wodi alinikemea, na nilistahili. Akaniambia nisifute kitu: nipige mstari mmoja, niandike "hakupimwa", niweke saini, tarehe na saa. Kisha nikaenda kumwomba mama msamaha.

Jumamosi nilikwenda kuungama kweli. Katekisimu, namba 1459, inatufundisha kwamba maondoleo yanaondoa dhambi, ila hayatengenezi kila kilichoharibika. Kinachowezekana kurekebishwa, tukirekebishe. Basi kitubio si mlango wa kukimbilia ili tusirudi wodini. Kinaturudisha wodini.

Tukisikia neno "uongozi", wengi tunafikiria beji na ofisi. Lakini usiku ule nilikuwa naongoza bila kujua: nilichoandika mimi ndicho ambacho daktari angekifuata asubuhi. Weledi ni kupima hata pasipo msimamizi. Na ukishindwa, uwe wa kwanza kusema, "Nimekosea."

Wiki chache baadaye, mwanafunzi wa uuguzi alinifuata mwisho wa zamu. "Dada, kitanda cha sita sikuwahi kumpima. Nimeacha nafasi wazi." Sikumkemea. Tulikwenda kumpima pamoja.

Mtakatifu Camillus wa Lellis, aliyezaliwa mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari kabla ya kutoa maisha yake kuwahudumia wagonjwa. Leo ni msimamizi wa wauguzi. Maisha yake ya nyuma hayakumzuia kuanza upya.

Na wewe je? Labda si muuguzi. Labda unashika daftari la mauzo, au hesabu za kwaya, au mahudhurio ya darasa. Kuna namba uliyoiandika bila kupima? Usingoje Jumamosi.

Mtakatifu Camillus, utuombee.