Kabebwa? Tupime kwanza, ndipo tuseme

Lipo neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika mabaraza yetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama mpaka Geita. Neno lenyewe ni "kabebwa". Binti akirudi kutoka kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa na habari kwamba amechaguliwa kwenda mafunzo ya uofisa, kabebwa. Mwanamke akionekana anaendesha lori kubwa la mgodini, kabebwa. Mimi ni mkazi wa Kahama, na neno hili nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao, tena muda mfupi tu baada ya kutoka kuswali. Nimeona ni vyema tulitazame, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganywa. Mna swali la haki, na mna tuhuma nzito.

Nianze na swali la haki. Uofisa wa jeshi si zawadi ya kumpa mtu ili afurahi. Ofisa anakabidhiwa roho za watu. Kama kipimo kimelegezwa ili mtu fulani apite, awe mwanamke au mtoto wa mkubwa, wanaodhulumiwa wa kwanza ni askari watakaowekwa chini yake. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu vipimo anauliza jambo la maana, na si haki kumziba mdomo kwa kumwambia kuwa anawachukia wanawake.

Sikusudii hapa kuingia katika khilafu ya wanazuoni juu ya uongozi wa mwanamke. Nazungumzia jambo ambalo linatangulia hata hiyo khilafu. Tunapompima mtu, tunatumia mizani gani, na nani ana haki ya kuichezea?

Mfano uliozungumzwa sana duniani ni wa Marekani. Jeshi la nchi hiyo lina kozi ngumu ya uongozi wa kivita iitwayo Ranger, yenye makao yake Fort Benning, jimbo la Georgia. Mwaka 2015 mwanafunzi alitakiwa kupiga pushapu 49, kukimbia maili 5 kwa dakika 40, na kutembea maili 12 na mzigo mgongoni ndani ya saa 3. Huo ulikuwa mwanzo tu. Baada ya hapo huja wiki za kuongoza doria milimani na kwenye vinamasi, kwa chakula kidogo na usingizi mchache. Mwezi Aprili 2015 wanawake 19 waliruhusiwa kujaribu. Agosti 21 mwaka huo wawili, Kristen Griest na Shaye Haver, wakahitimu.

Haukupita muda minong'ono ikaanza. Ikasemwa wamebebwa, kwa kuwa walirudia baadhi ya hatua. Mbunge mmoja, naye akiwa mhitimu wa kozi hiyo hiyo, aliandika rasmi kudai kumbukumbu za mafunzo yao. Jeshi lilisisitiza kuwa kipimo hakikuguswa. Na kurudia hatua ni utaratibu wa kawaida wa kozi hiyo. Wanaume wengi wamehitimu baada ya kurudia, na hakuna aliyewaita wa kubebwa.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Jeshi hilo lilipokuwa likitayarisha jaribio jipya la nguvu za mwili, wanawake wengi walishindwa kulifikia, na likaja pendekezo la kutenganisha alama kwa jinsia. Mwaka 2021 Griest huyo huyo, akiwa kapteni, aliandika makala kulipinga kwa upande wa vikosi vya mapigano. Hoja yake ni kwamba kipimo kikishushwa, mwanamke aliyeweza atatiliwa shaka pamoja na asiyeweza, na vitani mzigo haupungui kwa sababu anayeubeba ni mwanamke. Mwaka 2022 alama zikatenganishwa hata hivyo. Mwaka 2025 kipimo kimoja kikarudishwa kwa fani za mapigano.

Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tulipaswa kuielewa hoja hii kuliko watu wengine. Mchimbaji mdogo anashinda duarani kutwa nzima, kisha anapeleka gramu zake kwa mnunuzi. Mizani ikiwa imechezewa, jasho lote limepotea. Ndiyo maana soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, wengi walifurahi kwamba sasa dhahabu itapimwa hadharani. Qur'an nayo ina sura nzima yenye jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin. Mpunjaji ni mtu mwenye mizani mbili, moja ya kupokelea na nyingine ya kutolea.

Sasa tujipime sisi wenyewe. Anayeshusha kipimo ili mwanamke apite ni mpunjaji. Anayemwona mwanamke amefikia kipimo kile kile, kisha akasema kabebwa bila ushahidi wowote, naye ni mpunjaji. Huyu wa pili amepokea kazi kamili na ametoa heshima pungufu.

Yuko pia mpunjaji wa tatu, ambaye ni mgumu zaidi kumtambua. Huyu huweka kipimo kisichopima kazi yenyewe. Wapo katika maduara yetu wanaoamini kwamba mwanamke akishuka shimoni dhahabu inatoroka. Hicho nacho wanakiita kigezo, lakini kinapima nini? Hata sheria za dunia ziliwahi kwenda njia hiyo. Mkataba namba 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulikataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi isipokuwa wachache kwa sababu maalumu. Nia yake ilikuwa kuwalinda, lakini haukuuliza mwanamke yupi ana uwezo na yupi hana. Mkataba huo ulifutwa mwaka 2024.

Mwaka 2015, wakati Wamarekani wanabishana, hapa kwetu machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, yalifukia wachimbaji. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mtu aliye chini ya kifusi hana haja ya kujua aliyeshika kamba ni Juma au Mwajuma. Haja yake ni mkono unaoweza kumvuta. Kwa hiyo kipimo ni haki yake yeye aliye chini. Si mali ya mpimaji, wala ya anayepimwa.

Katika sira tunalo fundisho. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (s.a.w.) aliwarudisha vijana waliokuwa wadogo mno. Imepokewa kwamba Rafi' bin Khadij alikubaliwa kwa kuwa alikuwa hodari wa kulenga mishale. Samura bin Jundub, aliyekuwa amekataliwa, akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakaambiwa washindane. Samura akashinda, naye akaruhusiwa. Lalamiko lilijibiwa kwa kipimo, mbele ya watu. Na Abu Dharr, sahaba mpendwa, alipoomba wadhifa alinyimwa, akielezwa kuwa uongozi ni amana nzito na yeye ni dhaifu kwa jambo hilo. Hakutukanwa, wala cheo chake mbele ya Mola hakikupungua. Kutofikia kipimo cha kazi fulani si fedheha.

Kwa jirani zetu Kenya, Fatuma Gaiti Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983, wakati wanawake wakiwa na kikosi chao cha pembeni. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1999 na wakachanganywa na wenzao. Akawa Brigedia mwaka 2015, Meja Jenerali mwaka 2018, na Mei 2024 akapewa kuongoza Jeshi la Anga. Hiyo ni safari ya miaka 41. Mwenye kutaka kusema neno juu ya safari kama hiyo, na alete hoja inayolingana na uzito wake.

Jirani yangu mmoja ana binti aliyemaliza kidato cha sita, akapitia JKT, na sasa anataka uofisa. Mzee huyu haogopi jeshi wala porini. Anaogopa neno letu la barazani, kwamba mwanawe atatoka jasho miaka yote na mtaa utamlipa kwa neno moja. Ndugu zangu, hofu hiyo tumeitia sisi, na sisi ndio wa kuiondoa.

Basi neno "kabebwa" likitaka kututoka, tujiulize kwanza maswali matatu. Kipimo kilikuwa kipi? Kinahusiana na kazi? Alikifikia au hakukifikia? Mwenye majibu na ayaseme hadharani, hata kama yatawaudhi wakubwa. Asiye nayo na anyamaze, kwani tuhuma nayo itawekwa kwenye mizani, na siku hiyo mpimaji hatakuwa yeye.