Bandu Bandu Huisha Gogo: Sindano, Soko na Jioni za Sondu

Methali hii huwa inasemwa mbele ya mtu aliyechoka. Mwanafunzi kakodolea macho rundo la vitabu vya kidato cha nne, mwashi kabakiza nusu ya ukuta, mama ana deni la chama lisilopungua, mtu mzima aliye karibu atakohoa kidogo na kusema, "Bandu bandu huisha gogo." Wote wataitikia kwa kichwa, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya unga. Naona tunaipunja. Tumeifanya dawa ya kutuliza, ilhali ndani yake mna hoja nzito kuhusu kazi na muda, na hoja hiyo, kwa maoni yangu, huonekana wazi zaidi kwa mtu mwenye sindano kuliko kwa mwenye shoka.

Lakini shoka ndilo la kwanza. Mtu amesimama mbele ya gogo, hana msumeno wala msaidizi. Pigo la kwanza linarusha kibanzi ambacho hakitoshi hata kuwashia jiko. Gogo liko vilevile. Methali haimsifu mkataji kwa nguvu wala kwa uvumilivu. Haimtaji hata kidogo. Inalitaja gogo, na inatoa habari moja tu kulihusu: litaisha. Kwa nini liishe? Kwa sababu kibanzi kilichotoka hakirudi. Kesho asubuhi mkataji atalikuta gogo pale alipoliachia jana, na pengo lake likiwa wazi. Uzito wote wa methali umeegemea hapo. Gogo lingekuwa linajiponya usiku, mkataji angepiga miaka 20 na asifike popote, hata angekuwa na subira ya Ayubu.

Mara nyingi huchanganywa na ndugu yake, "Haba na haba hujaza kibaba." Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, robo ya pishi; katika soko la Sondu nafasi yake imeshikwa na gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao muuza mahindi huujaza hadi kilima kitokeze juu ya mdomo ili mteja asinung'unike. Methali ya kibaba hutazama kilichokwisha kupatikana. Ya gogo hutazama kilichobaki. Mweka akiba atapenda ile ya kwanza. Mwenye kazi iliyolala kwenye kikapu pembeni mwa kitanda, akiiona kila anapoingia kulala na kuona haya, huyo anahitaji ya pili.

Sondu ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Nyakach, kaunti ya Kisumu, upande wa pili ni kaunti ya Kericho, na barabara kuu inayotoka Ahero kwenda Kisii imeupasua mji katikati. Siku ya soko Wakipsigis huja na maziwa na viazi kutoka nyanda za juu, Waluo huja na samaki na omena kutoka ziwani, na mitumba hutandazwa juu ya maturubai hadi ukose pa kukanyaga. Wauzaji wengi ni akina mama. Biashara ya soko ina pumzi yake: matatu ikishusha abiria kuna kelele na kupimiana, halafu jua likiwa kali wanunuzi hukatika na muuzaji hubaki na bidhaa zake na mikono mitupu. Hapo ndipo unapoona kulabu na uzi vikitoka mfukoni, kitambaa cha makochi kikiendelea kutoka kilipoachwa. Mteja akifika, kazi inawekwa pajani, omena inapimwa, chenji inatolewa, kazi inarudi mkononi. Hakuna kilichoharibika.

Nyuma ya vibanda vya mafundi wa cherehani huwa kuna magunia ya mabaki: vipembe vya kitenge, vipande vya sare za shule vya buluu na kijani, mikia ya leso. Kwa mtu mwenye jicho, hilo gunia ni mfarishi ambao haujashonwa. Mfarishi, kwa asiyewahi kulalia wala kujifunika wa aina hii, ni shuka nzito ya matabaka matatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba au blanketi kuukuu, chini kitambaa kimoja kizima. Kisha sindano hupita matabaka yote matatu kwa bandi, mstari baada ya mstari, ili yasihamehame. Si ufundi wa kigeni kama wengine wanavyodhani. Leso yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza hivyo: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mraba vilivyochapwa kwa mfululizo bila kukatwa, wakavikata tatu tatu, wakaunganisha mikanda miwili ya namna hiyo ubavu kwa ubavu, wakapata vazi la viraka sita. Kabla ya kiwanda kuchapa leso nzima, kulikuwa na mtu aliyekaa na sindano.

Sasa hesabu. Chukua mfarishi wa mita 2 kwa mita moja na nusu. Ukipiga bandi kwa urefu, mistari ikiachana sentimita 3, utakuwa na mistari kama 50, yaani mita 100 za mshono. Ikiwa kila hatua ya sindano ni nusu sentimita, hiyo ni mishono 20,000. Mtu akitajiwa idadi hii kabla ya kuanza ataurudisha uzi dukani. Lakini mita moja kwa jioni ni mishono 200, kazi ya kufanywa maharagwe yakichemka au redio ikisoma taarifa ya habari. Jioni 100 ni miezi mitatu na siku chache. Uzi wenyewe unakataa pupa: ukiukata mrefu kupita dhiraa, toka ncha ya kidole hadi kiwiko, unajisokota na kufunga mafundo, na muda ulioona umeuokoa kwa kutotunga sindano mara kwa mara unaishia kwenye kufumua.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo lililonifanya niiandikie methali hii. Kazi nyingi za nyumbani si za gogo. Ugali unasongwa, unaliwa, na sufuria linarudi kwenye moto kesho likiwa tupu kama halijawahi kupikiwa. Vyombo vinaoshwa ili vichafuke. Sakafu inapigwa deki, mtoto anaingia na tope la Nyakach miguuni. Mama aliyefanya kazi tangu alfajiri anaweza kuketi usiku na asiwe na kitu hata kimoja cha kuonyesha, si kwa uvivu wake, bali kwa sababu kazi yake imeliwa, imevaliwa, imekanyagwa. Ni kama ule mtambo wa umeme wa Sondu Miriu. Mto unatoka misitu ya Mau, unaingizwa kwenye handaki la kilomita 6 hivi, unazungusha mitambo inayoweza kutoa megawati 60, kisha unaendelea na safari yake ya ziwani. Hakuna bwawa kubwa la akiba nyuma yake. Maji ya leo hutoa umeme wa leo, na wa kesho unangoja maji ya kesho.

Kazi za namna hiyo ndizo zinazotuweka hai, na hakuna methali itakayozimaliza. Kumwambia mwenye vyombo vya kuosha "bandu bandu huisha gogo" ni kumdhihaki, maana gogo lake huota upya kila baada ya mlo. Hapo ndipo thamani ya mfarishi ilipo katika nyumba yenye shughuli. Mita iliyopigwa bandi usiku huu itakuwepo asubuhi. Hailiwi. Haichafuki ikarudi sifuri. Katika siku nzima ya kazi zinazofutika, ni nusu saa moja iliyobaki. Nadhani ndiyo sababu watu waliochoka kabisa bado huushika uzi, jambo ambalo asiyeshona huliona la ajabu: mtu huyu si angelala?

Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika waliofikishwa huko karne nyingi zilizopita, wengi kupitia Goa, wana mifarishi yao iitwayo kawandi. Namna yao ya kushona ingempendeza aliyetunga methali yetu. Hawaunganishi viraka kwanza ndipo washone. Wanaanzia ukingoni, wanaweka kiraka, wanakipiga bandi, wanaongeza kingine, wanazunguka pande zote nne, na kila mzunguko unasogea ndani. Kwa hiyo anayeshona kawandi anakiona kilichobaki kikiwa mbele yake muda wote, dirisha tupu katikati ya kitambaa, linalofinywa mzunguko kwa mzunguko. Hahitaji kuhesabu mishono. Pembeni hutia vipande vidogo vilivyokunjwa mithili ya maua, wao wakiviita phula, na bila hivyo kazi haihesabiwi kuwa imetimia.

Mtu anaweza kupinga: je, hii si ruhusa ya kuzembea? Waswahili hao hao wamesema pia, "Chelewa chelewa utapata mwana si wako." Methali hizi mbili hazigongani. Anayechelewa, ukimtazama vizuri, hafanyi kidogo kidogo. Hafanyi chochote, anangoja. Anangoja Jumamosi isiyo na mazishi, likizo watoto wakiwa kwa nyanya yao, meza kubwa, taa nzuri, cherehani aliyoahidiwa. Siku nzima tupu haiji, au ikija anaitumia kupumzika, na ana haki. Mwenye bandu hangoji, na hiyo ndiyo tofauti pekee. Ila kuna sharti ambalo methali haikulitamka: kazi lazima iwe imetayarishwa kuachwa. Sindano iwe imechomekwa mahali pa kuanzia, uzi uwe umeshatungwa, viraka vya kesho viwe vimekatwa. Anayetumia robo saa kutafuta mkasi hataona kibanzi chochote kikiruka. Waliopitia sayansi kimu katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watakumbuka kile kikopo cha vifaa: subana, pini, chaki, sindano mbili. Wengine tulikidhani ni usumbufu wa mwalimu.

Methali hii pia ina upande wa kiza, na si haki kuuficha. Haikusema gogo ni baya. Huenda ni nguzo ya nyumba. Sheria ya kibanzi kisichorudi haichagui, na ndiyo maana ina dada yake mkali, "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Watu wa Sondu hawahitaji kufafanuliwa. Mwaka 2023 mapigano yalizuka mpakani hapo, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Mambo ya namna hiyo hayaanzi siku moto unapowashwa. Ng'ombe mmoja anaibwa na hapatikani, neno moja linasemwa sokoni, jambo dogo linaachwa lipite kwa sababu ni dogo. Ujirani ulipungua vibanzi vibanzi kabla ya kukatika. Na kuurudisha ni kazi ya aina ile ile, ya polepole, yenye ubaya wa ziada kwamba huu mfarishi unaweza kufumuliwa usiku na mtu mwingine. Hata hivyo maziwa bado yanashuka na samaki bado wanapanda.

Limebaki swali ambalo methali yenyewe hailigusi. Inatuahidi kwamba gogo litaisha. Haituambii kama gogo hilo lilistahili kukatwa. Blanketi la mitumba litakupa joto bila jioni hata moja ya kushona. Anayeshona kwa hesabu ya fedha peke yake ataona hasara, kwa kuwa hakuna mnunuzi wa Sondu atakayelipia mishono 20,000 kwa bei inayolingana na jioni 100. Basi aulizwe mapema anashona kwa nini. Akisema ni zawadi ya harusi ya mpwa wake, vizuri, harusi ina tarehe. Akisema ni kwa kuwa mikono yake hutulia, vizuri pia, na huyo hana hata sababu ya kukimbilia mwisho.

Lakini kuna mifarishi iliyokwisha kukosa mwenyewe. Mmoja ulianzwa kwa ajili ya mtoto mchanga, na mtoto sasa yuko kidato cha pili na anataka blanketi lenye nembo ya klabu ya mpira. Kikapu kinafunguliwa kila Januari, kinafungwa. Watu huona haya kukiri kwamba hawautaki tena, na methali hutumiwa kuwasuta: endelea, gogo litaisha. Mimi ningemwambia mwenye kikapu achukue mkasi. Sehemu iliyokwisha kupigwa bandi haijapotea. Ikatwe ilipofikia, izungushiwe pindo, iwe foronya ya mto wa kiti au zulia dogo la kuwekea sufuria. Hayo yanamalizika kwa wiki mbili za jioni, na kikapu kinapata nafasi ya kazi anayoitaka kweli.