Ilimu ya Kuhuisha Ardhi: Je, Yafaa Kufichwa?

Ama baada. Mwenyezi Mungu akimfungulia mja wake ilimu ya kuhuisha ardhi iliyokufa, je, ilimu hiyo ni milki yake aifungie kama fedha, au ni amana aifikishe hata kwa watu wa nchi nyingine?

Katika nchi ya Burkina Faso, upande wa Yatenga, alikuwako mkulima Mwislamu, Yacouba Sawadogo, aliyesoma chuo cha Kurani huko Mali katika utoto wake. Ukame ulipoikausha nchi ile katika miaka ya 1980, wengi walihama, yeye akabaki. Akaishika zai, desturi ya kale ya wakulima wa kwao, nayo ni kuchimba vishimo katika ardhi ngumu wakati wa kiangazi. Akavipanua, akavizidisha kina, akavitia samadi. Mchwa hufuata samadi wakaitoboa ardhi, na mvua inyeshapo maji hutuama penye mbegu. Watu wakamwita mwendawazimu, na shamba lake likatiwa moto. Hata mtama uliposimama na miti ikaota, hakuficha: akawaita wakulima wa vijiji vingine akawafunza. Mwaka 1989 wakulima wa Illéla, katika nchi ya Niger, walikwenda Yatenga, wakayaona, wakarudi nayo kwao.

Huenda mtu akasema: «Aliyedhihakiwa yampasaje kuwafunza waliomdhihaki?» Jawabu ni kwamba wanavyuoni wamezihesabu kazi ambazo watu hawaishi pasi nazo, na ukulima ni mojawapo, kuwa ni faradhi ya kutosheleza. Mtume s.a.w. naye amemwonya aulizwaye ilimu akaificha; na ijapokuwa asili ya onyo hilo ni ilimu ya dini, njaa ya jirani huileta hii karibu nayo. Tena mali ikigawanywa hupungua, lakini vishimo vya Illéla havikupunguza hata tone la mvua ya Yatenga.

Ila haki ina pande mbili. Mji wa Ouahigouya ulipopanuka, msitu alioupanda ulipimwa viwanja. Na sheria ya Kiislamu yasema ardhi mfu ni ya aliyeihuisha. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 2023 akafariki. Tuzo ni heshima, wala haisimami mahali pa haki. Basi ilimu na itolewe, na shamba la mwenye kuitoa lisinyang'anywe. Atakaye kufunzwa na mwenziwe, na aanze kwa kuuheshimu mpaka wake.

Wallahu aalam.