Msafiri na Mpango Wake

Mtu wa Mloka huzaliwa kando ya maji. Mto Rufiji hupita karibu na mlango wake, na katika mwaka wa mafuriko huingia mashambani na majumbani bila hodi, kama ulivyofanya katika bonde la Rufiji na Kibiti mwaka 2024. Mtu kama huyo akisikia kuwa katika nchi yake mwenyewe liko jangwa, tena lililo juu ya mawingu, hutamani kwenda kulitazama. Tamaa hiyo haina lawama. Lakini mtu afungapo safari ya mahali pagumu, mpango wake ni mali ya nani? Ni wake peke yake, autengeneze au auharibu apendavyo, au wako wengine wenye haki ndani yake?

Jangwa lenyewe liko Kilimanjaro, baina ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Msitu umekwisha chini, majani yamekwisha, yamebaki mawe, vumbi na upepo. Mchana jua huchoma ngozi. Usiku maji huganda chomboni. Hewa nayo ni nyepesi: kileleni, kwenye mita 5,895, pumzi moja humpa mtu karibu nusu tu ya kile impacho pwani. Katika njia ya Marangu, ukishapita kituo cha Horombo, huja mahali pa maji ya mwisho. Kutoka hapo hadi kituo cha Kibo kila tone hubebwa na mtu.

Wako wasemao kuwa mipango mingi ni dalili ya imani haba, kwa kuwa Mungu hamtupi mja wake. Neno hili ni zuri, walakini mkulima wa Rufiji hulijibu kwa vitendo. Hujenga dungu lake juu ya nguzo ndefu kabla maji hayajapanda, na huziba mtumbwi kabla hajaushusha mtoni, wala haoni kuwa amemvunjia Mola heshima. Tawakali huanza pale uwezo wa mtu ukomeapo. Ikianzishwa kabla ya hapo, jina lake ni uvivu.

Wako na wasemao, “Maisha ni yangu; nikipotea, nimepotea mwenyewe.” Hoja hii ingekuwa na nguvu kama msafiri angepanda peke yake. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisifiwa kwa kufika kileleni, lakini mizigo na chakula vilipandishwa mlimani na wapagazi, ambao wengi wao hawakumbukwi kwa majina. Hata leo msafiri haruhusiwi kupanda pasipo kiongozi, na nyuma yake hufuata wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 20 hivi. Msafiri akiacha koti nyumbani, kiongozi humvulia lake. Akificha maumivu ya kichwa na kutapika, ambavyo ni onyo la ugonjwa wa mwinuko, huenda akateremshwa kwa machela usiku juu ya mawe. Kosa lililotendwa Mloka kwa uzembe humwangukia mtu wa Marangu mgongoni.

Yamkini atajibu kuwa watu hao amewalipa. Ni kweli, na malipo ni haki yao. Lakini ujira hununua kazi iliyopatanwa. Haununui hatari iliyofichwa.

Katika mpango wote, sehemu isahauliwayo aghalabu ni ile ya kurudi kabla ya kufika. Mtu huhesabu nauli ya kwenda Kibiti, Dar es Salaam na Moshi. Huhesabu nguo na chakula. Kisha hupunguza siku ili apunguze gharama, akaikata ile siku ya kupumzika Horombo ambayo mwili wake uliihitaji ili uizoee hewa. Haraka haraka haina baraka, na mlimani neno hili ni tiba. Akiba ya miaka na aibu ya kuulizwa na jirani, “Ulifika?” humsukuma mbele hata miguu inapokataa. Tena hewa haba hupunguza busara saa ile ile inayohitajiwa zaidi. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka hauna budi kufanywa mapema, kichwa kingali kizima: dalili hizi zikitokea, safari imekwisha, na neno la kiongozi ndilo la mwisho.

Je, kujiwekea njia ya kurudi hakudhoofishi nia? Humdhoofisha yule tu aliyetafuta sifa. Mvushaji wa Rufiji akiona viboko mbele yake hugeuza mtumbwi, na abiria hawamwiti mwoga. Humshukuru, kwa sababu roho zao zilikuwa mkononi mwake. Msafiri wa jangwa la juu naye ana roho za watu mkononi, ingawa wao ndio wambebeao mzigo. Mpango wake, basi, ni ahadi kwao, naye huiweka kabla hajawajua kwa sura wala kwa majina.